Nataka kujifunza Kithai kuanzia sifuri mpaka nielewe wanachoongea mezani, naanzia wapi?

Broka_wa_Sekei

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana nimezunguka YouTube mpaka kichwa kinauma, kila mtu anauza kozi yake.

Mimi ni dalali wa vito hapa Arusha, nashika zaidi spineli za Mahenge na safaya za Tunduru, tanzanaiti kidogo (vibali ninavyo, msianze). Anayeijua hii biashara anajua rubi na safaya za huku kwetu na za Msumbiji nyingi safari yake inaishia Thailand, ndiko waliko mafundi wa kuchoma (kulipasha jiwe moto ili rangi yake ipendeze) na kukata, na soko lao kubwa liko Chanthaburi, mji uko kusini mashariki ya Bangkok kuelekea mpaka wa Kambodia. Bosi wangu ameanza kunipeleka. Sasa pale mezani mnunuzi anashika jiwe, analimulika na tochi, anageuka kwa mwenzake wanaongea Kithai dakika nzima, wanacheka, halafu anakuletea kalkuleta kaandika namba ambayo ukiiona unataka kulia. Mimi nataka kujua ile dakika nzima walikuwa wanasema nini. Basi.

Nauliza, hizi toni zinazosemwa ni kweli ngumu hivyo au ni maneno ya wazungu tu? Yale maandishi yao yaliyojikunja kama sindano za kufumia kuna ulazima wa kuyajua au naweza nikaruka? Na mtu akitoka sifuri mpaka kufika juu kabisa, asikilize hata redio, ni safari ya muda gani? Natanguliza shukrani.

Kalkuleta_Inatosha

Mkuu unajitesa bure. Pale soko zima linaongea kwa kalkuleta na Kiingereza cha maneno kumi, simu inatafsiri mpaka menyu kwa kamera. Tafuta jiwe zuri, jiwe zuri linajiongelea lenyewe.

Ticha_KhonKaen

@Kalkuleta_Inatosha simu itafsiri watu wawili wanaonong'onezana sokoni? Haya, jaribu utuambie.

Kaka Broka karibu sana. Mimi ni Mkenya, nafundisha shule huku Khon Kaen, huu ni ukanda wa Isan kaskazini mashariki, na nimeona watu wengi wakianza hii lugha kwa moto halafu wanazima. Mara nyingi wanazima kwa sababu wanaifuata kwa njia ya Mzungu, wanasoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu wa Uingereza, kila ukurasa unaambiwa hiki kigumu hiki kigumu, wakati wewe Mswahili vigumu vyako ni vingine kabisa.

Toni ziko tano, ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Mfano unaotolewa kila siku ni huu, *ma* ukiitamka kawaida kwa sauti ya kati ni kuja, ukiipandisha kama mtu anayeuliza swali ni mbwa, ukiishikilia juu ni farasi. Lakini unaotesa watu kweli ni *klai*. Ukiitamka kwa sauti ya kati ni mbali, ukiishusha kutoka juu ni karibu. Yani muulize mtu kituo cha basi kiko wapi, hiyo toni ndio itaamua kama utapanda pikipiki au utatembea! Sasa nikuulize, nyumbani mnaongea lugha gani? Kiswahili hakina toni lakini lugha zetu nyingi za nyumbani zinazo. Mimi ni Mjaluo, Dholuo ina toni, Kikuyu ina toni, Kichaga, Kimaasai, Kisukuma vivyo hivyo. Kama umelelewa na mojawapo basi sikio lako linajua tayari kwamba neno moja ukilipandisha linakuwa lingine, hujawahi tu kuambiwa hiyo inaitwa toni. Mzungu ndio anaanza hapo kutoka sifuri.

Halafu kuna ile *ng'* ya ng'ombe. Kithai kimejaa maneno yanayoanza na hiyo sauti, *ngan* ni kazi, *ngoen* ni hela, *ngu* ni nyoka, yote yasome na ng' yetu. Nimekaa na walimu wenzangu kutoka Marekani wanahangaika na hiyo kitu wiki nzima, wanasema "nagu", "enugu", mimi natafuta pa kuangalia nisicheke.

Tatizo letu liko mwisho wa neno. Sisi kila silabi lazima imalizie na irabu, tumezoea hivyo, kwa hiyo Mswahili akiambiwa *khrap* atasema "kirapu", *phet* (kali ya pilipili) anasema "peti", *rot* (gari) anasema "roti". Mthai anasikia neno ambalo halipo. P, t na k zikija mwisho unafunga tu mdomo au ulimi unabana pale pale na hewa haitoki. Ukisema *khrap* midomo ibaki imefungwa, usiifungue. Chukua kioo ufanye mazoezi, ni ushamba lakini inasaidia kuliko programu yoyote. Na kuna irabu mbili tatu ambazo hatuna, ile ya *sue* (nunua) na *mue* (mkono), unasema "u" lakini midomo umeitandaza kama unataka kutabasamu. Hiyo tafuta Mthai akufanyie mbele ya uso wako, kwa maandishi siwezi.

Sarufi ndio raha yenyewe. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. *Kin* ni kula, nimekula ni *kin laeo*, nitakula ni *ja kin*, ninakula sasa hivi ni *kamlang kin*. Zile me, ta, na zetu zimekatwa zikawekwa pembeni kama maneno yanayojitegemea. Nani, lini, wingi, umoja, vyote vinatoka kwenye mazungumzo.

Kalkuleta_Inatosha

Sarufi hakuna, toni unazo tayari, basi wote tungekuwa tunaongea Kithai. Ticha punguza sukari.

Ticha_KhonKaen

Haha sawa. Chungu ipo. Ile taasisi inayofundisha lugha mabalozi wa Marekani wanakadiria saa 1,100 za darasani kwa Kithai, wiki 44, na Kiswahili wanasema saa 900 na wiki 36. Sasa hiyo ni mtu anayelipwa mshahara akae darasani siku nzima na mwalimu wake, sio wewe na simu kwenye daladala. Ila ona, kwa hesabu zao wenyewe tofauti ya Kithai na Kiswahili sio mlima na bonde.

Bi_Pratunam

Assalam aleikum wanangu. Mie ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Mombasa, Bangkok naijua kwa masoko yake ya nguo, Pratunam na Bobae, na sikusoma shule yoyote ya Kithai, nimeokota sokoni. Sitajifanya najua kusoma gazeti. Lakini kwa biashara sikiliza la mama yako.

Anza na namba, namba, namba. *Nueng, song, sam, si, ha, hok, jet, paet, kao, sip.* Kumi na moja yasema *sip et*, ishirini *yi sip*, hapo ndipo wanapokosea wengi maana yatoka kwenye mstari. Mia ni *roi*, elfu *phan*. Halafu wana neno lao la elfu kumi, *muen*, na laki wanaiita *saen*, na milioni *lan*. Mzungu hapo ajikata maana yeye laki hana, asema mia ya maelfu. Sie laki twaijua tangu tumbo la mama. Kwa hivyo mtu akisema *saen ha* ujue ni laki na nusu yake, yaani laki moja na elfu hamsini, usidhani ni laki tano. Laki tano ni *ha saen*. Kwa biashara yako ya mawe hiyo ijue usingizini.

Na saa! Hapa nilicheka siku ile. Saa moja usiku kwao ni *nueng thum*, moja hiyo hiyo. Saa mbili usiku *song thum*, tatu *sam thum*, mpaka saa tano usiku *ha thum*. Sawasawa na Kiswahili. Mtu akikuambia tuonane *song thum* usianze kutoa sita na kujumlisha sita, ni saa mbili yetu ya usiku, wewe nenda. Asubuhi na mchana hapana, huko wana mahesabu yao mengine, na baada ya saa sita ya usiku waanza upya, *ti nueng*, *ti song*. Lakini saa moja mpaka saa tano ya usiku ni zetu.

La tatu ni adabu, nalo ni kubwa kuliko toni zote. Mwanamme kila sentensi amalizie na *khrap*, mwanamke *kha*. Usimwite mtu jina kavukavu. Aliyekuzidi umri kidogo ni *phi*, uliyemzidi ni *nong*, kama kaka na mdogo wangu. Mama muuza nguo wa makamo mwite *pa*, ndiye mama mkubwa, dada yake mkubwa mzazi wako. Mzee ni *lung*, baba mkubwa au mjomba mkubwa. Mimi nikiingia dukani nikasema *pa kha* bei yashuka kabla sijaigusa nguo. Sie tulioitana shangazi na mjomba na watu tusiowajua maisha yetu yote hili halitusumbui. Ila uangalie, dada wa kujipamba usimwite *pa*, utakosa kila kitu, mwite *phi* tu.

Na kwa wewe wa bara, sie watu wa Mvita twatofautisha *paa* wa mwituni na *paa* la nyumba, ya mnyama ina pumzi ndani yake. Kithai ni hivyo hivyo, wana p kavu na p ya pumzi, t kavu na t ya pumzi, k kavu na k ya pumzi. Mkitokea huko juu mwazitamka zote sawa. Tafuta Mmvita akufunze kwanza ndio upande ndege 😂

Broka_wa_Sekei

Mama shikamoo. Hiyo ya *saen ha* peke yake imeshalipa uzi mzima. Ticha nyumbani ni Wachaga wa Machame, kwa hiyo huenda nina bahati. Ila hamjanijibu la maandishi.

Juma_Rangsit

Marahaba kwa niaba ya Bi 😂 natania mama, shikamoo.

Mkuu mimi nilikuja huku kusoma chuo, nikaanza Kithai cha kuombea chakula sasa naandika ripoti za ofisi kwa Kithai, kwa hiyo naongelea ile nusu ya pili ya safari ambayo wengi hawaiongelei. Jibu la maandishi ni hili, usiyaruke. Jifunze mwezi wa kwanza kabisa. Sababu ni kwamba hakuna namna moja ya kuandika Kithai kwa herufi zetu, kila kitabu kina yake, humu humu kwenye uzi tumeandika bila toni na bila kuonyesha irabu ndefu na fupi. *Khao* kwa herufi hizi inaweza kuwa wali, nyeupe, habari, mlima, kuingia au goti. Kwa Kithai yote sita yameandikwa tofauti na hakuna anayechanganya.

Konsonanti ni 44 na mbili kati ya hizo hazitumiki tena. Usiogope idadi, nyingi zinarudia sauti, mfano th ya pumzi ina herufi sita na s zipo nne. Kila moja ina jina lenye kitu ndani, *ko kai* ni ya kuku, *ngo ngu* ni ya nyoka, *cho chang* ni ya tembo, watoto wanaimba hivyo shule. Irabu zinaweza kukaa mbele, nyuma, juu au chini ya konsonanti. Hakuna nafasi kati ya maneno, sentensi nzima imeshikana, hapo mwanzoni utalia kidogo.

Sasa watu hawaambiwi hivi, maandishi ndio yanakupa toni. Konsonanti zimegawanywa makundi matatu, ya kati, ya juu na ya chini, na alama za toni ziko nne, lakini alama ile ile inatoa toni tofauti kutegemea iko juu ya kundi gani. Chukua alama ya kwanza, *mai ek*, kijistari kidogo kama ukucha. Ukiiweka kwenye neno ไข่, yai, unapata toni ya chini. Ukiiweka kwenye ไม่, ambalo ndio "hapana, si", unapata ya kushuka. Alama moja, herufi ni za makundi tofauti. Ukiikariri hii sheria huhitaji kuuliza mtu toni ya neno jipya, unaisoma ukutani kwenye bango unaitamka. Ukiruka maandishi utaishi kwa kuomba omba toni maisha yako yote.

Ticha_KhonKaen

Juma hapo tusikubaliane haraka. Kuna watu wamefika mbali kwa kusikiliza tu. Pale AUA, shule ya lugha ya Bangkok, Mmarekani mtaalamu wa lugha, Marvin Brown, miaka ya 1980 alianzisha darasa ambalo mwanafunzi haruhusiwi kuongea, anakaa mamia ya saa anasikiliza walimu wawili wakisimulia na kuigiza na kuchora, kama mtoto mdogo. Siku hizi kuna chaneli ya YouTube inaitwa Comprehensible Thai inafanya kwa mtindo huo huo, bure, kuanzia kabisa sifuri. Kwa mtu ambaye lengo lake ni KUELEWA watu wakinong'ona mezani mimi ningempa hiyo kabla ya makundi matatu ya konsonanti.

Juma_Rangsit

Sikatai kusikiliza, na hiyo chaneli ni nzuri. Nakataa kusikiliza peke yake kwa mtu aliyeko Arusha ambaye akizima simu haskii Kithai tena. Wewe uko Khon Kaen, ukifungua dirisha darasa linaendelea. Yeye anahitaji kitu cha kushika. Afanye vyote, asubuhi herufi, jioni asikilize.

Na nimalizie la kwangu. Ukishaelewa soko usidhani umemaliza, maana Kithai kina ghorofa. Kula peke yake, mtaani ni *kin*, ukiwa na adabu *than*, kwenye barua na matangazo *rapprathan*, mtawa wa Kibudha ni *chan*, na mfalme ni *sawoei*. Habari za jioni kwenye televisheni zinaongelewa ghorofa ya juu, maneno ya Kipali na Kisanskriti (lugha za kale za Bara Hindi) tupu, kama Kiswahili cha mahakamani kilivyojaa Kiarabu. Hapo ndipo wengi wanakwama miaka, wanaongea fresh sokoni lakini gazeti hawaelewi. Dawa ni kusoma. Anza na vitabu vya shule ya msingi vya watoto wa Kithai, halafu komenti za Facebook (ndio, komenti, wanaandika wanavyoongea), halafu habari fupi za michezo ambako maneno yanajirudia. Ukitaka cheti, chuo kikuu cha Chulalongkorn pale Bangkok wana kozi za ngazi kwa ngazi na mtihani wao wa CU-TFL. Ila ukija kwa viza ya masomo jua afisa uhamiaji anaweza kukuuliza maswali kwa Kithai siku ya kuongeza muda, usije ukajiandikisha halafu ukashinda kwenye mawe.

Pia r na l wanachanganya wenyewe. *Aroi*, tamu, mtaani utasikia *aloi*. *Khrap* inakuwa *khap*. Ukitoka sehemu ambayo kura na kula ni kitu kimoja utajisikia nyumbani.

Bi_Pratunam

Na madereva wa teksi wa Bangkok wengi ni watu wa huko kwa Ticha, wakiongea wao kwa wao ni Kiisan, karibu na Kilao. Usikate tamaa ukiwasikia huelewi kitu.

Ticha_KhonKaen

Kweli mama. Huku tamu ni *saep* na hapana ni *bo*. Lakini ukijua Kithai cha Bangkok kila mtu atakujibu kwa hicho.

Msonga_Mawe

Nimesoma kimya kimya, niko Bangkok kwenye hii hii biashara. Broka wacha nikupe ya mezani, wengine watakupa "jina langu ni nani" ambayo hakuna atakayekuuliza.

Kito ni *phloi*, rubi ni *thapthim*, safaya ya bluu ni *phailin*. Kuhesabu mawe unatumia *met*, neno hilo hilo la mbegu na vidonge, *phloi song met*, mawe mawili. Kila kitu kina neno lake la kuhesabia, gari na mwavuli ni *khan*, kitabu na kisu ni *lem*, mtu ni *khon*, fikiria ngeli zetu ila unaiweka baada ya namba. *Phao* ni kuchoma, na hilo neno ndio utalisikia mara nyingi kuliko yote. Wakigeukiana wakasema *phao laeo* maana yake wanaona jiwe limeshapita motoni. *Mai phao*, wanaamini halijachomwa, na la hivyo lina thamani zaidi, hapo usikubali namba ya kwanza hata kwa dawa. *Phaeng* ni ghali, *lot dai mai* ni punguza basi. Wakisema *suai* wakaipandisha sauti wamelipenda, ni zuri hilo. Ila kuna *suai* ya sauti ya kati, tambarare, hiyo ni mkosi, nuksi. Umeona kwanini Ticha anakuambia toni?

Na usiwaonyeshe mapema kwamba unaelewa. Siku za kwanza kaa na uso wako wa kawaida, acha waongee.

Broka_wa_Sekei

Msonga nakusikia 😂 kumbe dakika nzima yote ilikuwa *phao laeo*. Naanza na herufi za Juma asubuhi na chaneli ya Ticha jioni, namba za mama nazifanyia mazoezi dukani. Safari ijayo natangulia peke yangu, bosi anafuata. Nifike siku gani?

Msonga_Mawe

Soko la Chanthaburi linachangamka Ijumaa mpaka Jumapili. Ukifika Jumatatu utakuta meza tupu na wauza matunda. Fika Alhamisi ulale, Ijumaa asubuhi tembea mtaa wa Si Chan bila kutoa jiwe, sikiliza tu bei zinavyotajwa, Jumamosi ndio ufungue mkoba.

Kalkuleta_Inatosha

Na kalkuleta ubebe.